Edward Jenner, Tabibu Aliyeishinda Ndui

Zamani ndui iliwatisha watu kuliko maradhi mengi. Iliingia katika majumba ya wafalme na vibanda vya maskini. Wengi walikufa, na waliopona walibaki na makovu usoni, wengine wakapofuka. Lakini aliyepona mara moja hakuugua tena.

Edward Jenner alizaliwa mwaka 1749 katika mji mdogo wa Berkeley, Uingereza. Alipokuwa na miaka 5 wazazi wake walikufa, akalelewa na ndugu zake. Siku zile matabibu walikuwa na desturi ya kuwatia watu usaha wa ndui, wapate kuugua kidogo wasije wakaugua sana. Lakini wengine walikufa kwayo. Jenner mwenyewe alitiwa usaha huo utotoni, akateseka. Alipokua alijifunza utabibu, akasoma London kwa John Hunter, mpasuaji mashuhuri, kisha akarudi kwao kuwatibu wakulima.

Wasichana waliokama ng'ombe huko walisema kwamba mtu aliyepata ndui ya ng'ombe, maradhi mepesi yatoayo malengelenge mikononi, hapatwi na ndui ya watu. Matabibu wengi hawakuyajali maneno yale. Jenner hakuyadharau, wala hakuyaamini hivi hivi tu. Aliyachunguza miaka mingi.

Tarehe 14 Mei 1796 alitwaa maji ya lengelenge mkononi mwa Sarah Nelmes, mkama ng'ombe, akamchanja James Phipps, mtoto wa miaka 8. Mtoto akashikwa na homa kidogo, akapona. Mwezi wa Julai Jenner akamtia usaha wa ndui yenyewe. Kama wazo lake lingalikuwa la uongo, mtoto angaliweza kufa. Siku hizi tabibu hapewi ruhusa kumjaribu mtoto namna ile. Siku zikapita, James asiugue.

Sababu yake ilijulikana baadaye. Damuni mwetu mna walinzi wapiganao na vijidudu vya maradhi. Wakiisha kupigana na adui dhaifu, humtambua upesi ndugu yake mkali, wakamshinda.

Mwaka 1798 Jenner alipiga chapa kitabu cha habari hizo. Watu wengine walimcheka, wakachora picha za waliochanjwa wakiota ng'ombe mwilini. Jenner hakukata tamaa, wala hakuificha dawa yake apate kutajirika. Aliwachanja maskini bure katika kibanda bustanini mwake. Alikufa mwaka 1823.

Kazi yake haikufa. Watu wakachanjwa nchi kwa nchi, hata mwaka 1977 mtu wa mwisho kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alionekana Somalia. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imekwisha duniani kote.

Basi, mkichanjwa ili msipatwe na surua au pepopunda, mkumbukeni tabibu yule aliyekubali kujifunza kwa wakama ng'ombe.