Charles Dickens: Mwandishi Aliyeandika kwa Miguu



Wiki hii tunakuleteeni Charles Dickens. Huenda unamjua kwa hadithi ya Oliver Twist, au ya yule bahili Scrooge. Aliandika riwaya 14 akazimaliza, na ya 15 ikamshinda njiani. Leo hatutazisimulia hadithi zake. Tutaitazama siku yake, tuone alijitunza vipi hata akaweza kuandika yote hayo.

Alizaliwa Portsmouth, Uingereza, mwaka 1812. Baba yake alizidiwa na madeni, na mwaka 1824 akafungwa katika gereza la Marshalsea, London. Charles alikuwa na miaka 12 tu. Badala ya kwenda shule, alikuwa akishinda kiwandani, akibandika karatasi kwenye vikopo vya rangi ya viatu. Ukiwa na umri kama huo, hebu fikiri ungejisikiaje.

Alipokuwa mtu mzima na jina lake limeenea, siku zake alizipanga vizuri. Saa 3 asubuhi (tunahesabu saa kwa Kiswahili, msisahau!) alikaa mezani. Aliandika mpaka saa 8 mchana. Hata maneno yakikataa kuja, hakuondoka. Alitaka kimya, na katika nyumba yake moja aliweka mlango wa pili ili kelele zisimfikie. Mezani pake vilipangwa vitu vyake vidogo alivyovipenda, vikiwemo vyura wawili wa shaba wanaopigana kwa panga.

Ikifika saa 8 aliweka kalamu chini na kutoka kutembea, kwa kawaida saa tatu nzima. Kilomita 20 kwake hazikuwa kitu. Alipita vichochoro vya London, akiwatazama watu na kusikiliza wanavyozungumza. Mwaka 1843, alipokuwa akiandika hadithi ya Scrooge, alizunguka mitaani usiku wakati wengine wamelala, huku akiipanga hadithi kichwani. Iliisha kwa wiki sita hivi. Unaona basi: kutembea kulimpumzisha, na wakati huohuo kulimpa cha kuandika kesho yake.

Lakini msomaji wetu, sikiliza na upande wa pili.

Dickens alipenda sana kusimama jukwaani na kuwasomea watu hadithi zake. Kumbi zilijaa na fedha zikaingia. Mwaka 1867 alikwenda Marekani akasoma zaidi ya mara 70, huku akiumwa na chakula hakipiti. Mguu wake wa kushoto ulikuwa ukivimba, na zile safari zake ndefu za miguu zikawa taabu. Aliporudi Uingereza alianza ziara nyingine. Aprili 1869 mwili ulikataa, na madaktari wakamsimamisha. Hata hivyo, mwaka 1870 alirudi jukwaani London kwa maonyesho 12 ya kuaga.

Tarehe 8 Juni mwaka huo alikuwa nyumbani kwake Gad's Hill, katika jimbo la Kent. Siku hiyo aliiacha desturi yake. Baada ya chakula cha mchana hakwenda kutembea, alirudi kuandika mpaka jioni. Wakati wa chakula cha jioni alianguka, na kesho yake akafariki, akiwa na miaka 58. Hatuwezi kusema kwamba siku moja ndiyo iliyomuua, kwani mwili ulikuwa umechoka kwa miaka. Kitabu chake cha mwisho kilibaki nusu, na mpaka leo hakuna ajuaye kwa hakika alitaka kiishe vipi.

Wewe unayeandika insha, unayechora au kupiga ngoma, chukua yaliyo mema kwake. Weka saa yako ya kazi na uiheshimu. Ukimaliza, weka simu pembeni, utoke na mama au baba mkatembee. Tazameni watu, na mliyoyaona mwelezane kwa Kiswahili. Kisha lala mapema.

Na nyinyi wazazi, mtoto akisema amechoka, msimlazimishe kumaliza ukurasa. Ukurasa utamngoja. Haraka haraka haina baraka.