Daktari Kellogg na Chakula Kilichobaki na Jina

Soma kwa ajili ya somo hili: Mwanzo 1:29, Mithali 18:19, 1 Wakorintho 10:31, Ufunuo 3:1.

Katika maduka makubwa ya miji yetu vinauzwa vipande vidogo vya granola, vimefungwa kwenye karatasi inayong'aa. Vinafanana na kashata: nafaka, karanga na matunda makavu yaliyoshikanishwa kwa kitu kitamu. Wazazi wengi huwatilia watoto kwenye mkoba wa shule wakiamini kuwa hicho ni chakula cha afya. Ni washiriki wachache wanaojua kwamba jina granola lilitoka katika hospitali ya Waadventista Wasabato, kwa daktari aliyelelewa na kanisa hili. Tukiyachunguza maisha yake tutapata fundisho kuhusu chakula, na fundisho kubwa zaidi kuhusu sisi wenyewe.

John Harvey Kellogg alizaliwa tarehe 26 Februari 1852 huko Tyrone, katika jimbo la Michigan, Marekani. Baba yake, John Preston Kellogg, alikuwa mmoja wa ndugu wanne waliotoa dola 300 kila mmoja mwaka 1855 ili kazi ya uchapaji ya Wasabato ihamishiwe mji wa Battle Creek. Familia nayo ilihamia huko, na baba akawa na kiwanda kidogo cha mifagio. John alifanya kazi humo tangu utotoni. Alipokuwa na umri wa miaka 12 hivi aliingizwa katika nyumba ya uchapaji, akajifunza kupanga herufi za chapa.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya ujumbe wa afya. Mwaka 1863 Ellen White alikuwa amepewa nuru juu ya afya, na maandiko yake yalipita mikononi mwa kijana huyo. Alisoma kile alichokipanga, akakiamini, naye akaacha nyama akiwa bado kijana. James na Ellen White waliona kipawa chake, wakamsaidia kwenda kusomea udaktari. Alihitimu New York mwaka 1875.

Akiwa mwanafunzi huko, alijipikia chumbani mwake. Kupika nafaka nzima huchukua muda mrefu, na mwanafunzi hana muda. Hapo ndipo alipowaza kwamba watu wangefaidika kama wangepata nafaka iliyokwisha kupikwa, tayari kwa kuliwa. Wazo hilo hakuliacha.

Mwaka 1876, akiwa na miaka 24 tu, alikabidhiwa usimamizi wa taasisi ya afya ambayo kanisa lilikuwa limeifungua Battle Creek miaka kumi iliyotangulia. Chini ya mkono wake ilikua ikawa Battle Creek Sanitarium, iliyojulikana duniani kote. Alikuwa daktari hodari wa upasuaji, mwandishi wa vitabu vingi, na mtu asiyechoka. Yeye na mkewe Ella hawakujaliwa kuzaa, lakini waliwalea watoto zaidi ya 40 wasio wao.

Katika jiko la taasisi hiyo alichanganya ngano, mahindi na nafaka iitwayo oti, akaoka mchanganyiko huo mpaka ukakauka, kisha akausaga. Akauita Granula. Lakini jina hilo lilikuwa la mwingine: Daktari James Caleb Jackson wa Dansville, New York, alikuwa ametengeneza chakula chenye jina hilo tangu 1863, kigumu kiasi cha kulowekwa usiku kucha kabla ya kuliwa. Jackson alipolalamika, Kellogg alibadili herufi moja, na granola ikazaliwa.

Tuangalie kilichokuwa ndani yake. Nafaka nzima huliwa pamoja na ganda lake la ndani na kiini chake, na humo ndimo zilimo nyuzinyuzi, vitamini za kundi B na madini. Nyuzinyuzi hushibisha na kusaidia choo. Zile zilizomo katika oti hupunguza lehemu katika damu na kuifanya sukari iingie mwilini polepole. Granola ya Battle Creek haikushikanishwa kwa shira, wala haikutengenezwa ili itafunwe njiani. Ilikuwa sehemu ya mlo.

Granola ya leo ni kitu kingine. Jina lilififia, likafufuliwa Marekani katika miaka ya 1960 kwa mchanganyiko wa oti, karanga, asali na mafuta, na katika miaka ya 1970 vikaanza kuuzwa vipande vilivyofungwa. Ili kipande kisivunjike lazima kitu fulani kiishike nafaka, na mara nyingi kitu hicho ni shira, asali au sukari. Vingine huongezewa chokoleti. Haimaanishi kwamba vyote ni vibaya. Kipande chenye oti nyingi, karanga na mbegu kina nyuzinyuzi, protini na mafuta mema, nacho ni bora kuliko pipi. Lakini tusome lebo. Viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi zaidi kwa uzito. Kama sukari au shira imetajwa mwanzoni, tumenunua peremende iliyovaa vazi la nafaka. Gramu 4 za sukari ni kama kijiko kimoja cha chai. Kipande chenye gramu 12 ni vijiko vitatu. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima angefaidika zaidi asipozidisha gramu 25 hivi za sukari iliyoongezwa kwa siku, na kipimo cha mtoto ni kidogo zaidi. Tukumbuke pia shauri tulilopewa tangu zamani, kwamba kati ya mlo na mlo upite angalau muda wa saa tano tumbo lipumzike. Hata chakula chema kikiliwa kila wakati kinalichosha tumbo.

Sasa turudi kwa daktari, kwa maana yaliyoipata granola yalimpata na yeye.

Mdogo wake, Will Keith Kellogg, alimtumikia katika taasisi kwa miaka 25 hivi kwa ujira mdogo na heshima ndogo. Mwaka 1894 ndugu hao wawili waligundua pamoja namna ya kugeuza ngano iliyopikwa kuwa vipande vyembamba vikavu. Mwaka 1906 Will alianzisha kampuni yake ya vipande vya mahindi, akatia sukari ambayo kaka yake hakuitaka. Wakashindana mahakamani kwa miaka mingi juu ya nani mwenye haki ya jina Kellogg. Watu waliotaka kuponya ulimwengu kwa chakula walishindwa kuketi pamoja kwenye meza moja.

Kwa kanisa nako mambo yaliharibika. Mwezi Februari 1902 moto uliteketeza Sanitarium. Daktari aliandika kitabu, The Living Temple, ili mapato yake yasaidie kuijenga upya, lakini ndani yake alifundisha kwamba Mungu yumo katika kila kitu kilichoumbwa, hata tofauti kati ya Muumba na kiumbe ikapotea. Ellen White, aliyempenda kama mwana, alimwonya mara nyingi. Hakugeuka. Mwezi Novemba 1907 aliondolewa katika ushirika wa kanisa. Baadaye alitumia jina na fedha zake kueneza fundisho la kuboresha kizazi, lililoona baadhi ya watu kuwa na thamani kuliko wengine. Alifariki tarehe 14 Desemba 1943 akiwa na miaka 91. Will alifariki mwaka 1951, naye akiwa na miaka 91. Udugu wao haukuwahi kupona.

Tusimhukumu, hukumu ni ya Mungu, na mema aliyoyatenda ni mengi. Hata hivyo maisha yake yanatuuliza swali. Granola ilibaki na jina jema huku yaliyomo yakibadilika kidogo kidogo, kijiko kwa kijiko. Daktari alishika kanuni za chakula kwa uaminifu mpaka mwisho, lakini unyenyekevu ulipungua ndani yake na upendo kwa ndugu ukakauka. Kanisa la Sardi nalo lilikuwa na jina. Ujumbe wa afya ulitolewa ili tuwe na mwili na akili vinavyoweza kumsikia Mungu na kumtumikia jirani. Mezani tusome lebo ya chakula. Magotini tumwombe Bwana asome yaliyo ndani yetu.

Maswali ya kujadili:

1. Ni vyakula gani nyumbani kwako unavyoviita vya afya bila kuchunguza kilichomo? Juma hili soma lebo ya kimoja na ulieleze darasa.

2. Tunawezaje kushika kanuni za afya bila kuwadharau wasiozishika?

3. Je, kuna ndugu ambaye kazi, mali au jina vimekutenga naye? Kwa kuzingatia Mithali 18:19, ni hatua gani unaweza kuichukua kabla ya Sabato ijayo?