Maisha ya Yidnekatchew Tessema, Mchezaji na Mwalimu wa Timu ya Ethiopia

Wasomaji wetu vijana wanajua majina ya wachezaji wa Ulaya hata ya wale wanaokaa akiba, lakini ukiwauliza ni nani aliyesimama imara ili timu za Afrika zipate kuhesabiwa duniani, wananyamaza. Kwa hiyo safari hii tumeona vema tueleze habari za Yidnekatchew Tessema wa Ethiopia. Wahabeshi hawana jina la ukoo kama sisi wengine. Tessema ni jina la baba yake tu. Basi tutamwita kwa jina lake mwenyewe, ingawa ni gumu kidogo kulitamka.

Alizaliwa Jimma, tarehe 11 Septemba 1921. Baba yake, Tessema Eshete, alikuwa mshairi mashuhuri, na ni miongoni mwa Wahabeshi wa kwanza ambao sauti zao zilitiwa katika sahani za santuri, huko Ujerumani. Mtoto alipelekwa shule Addis Ababa. Alikuwa bado kijana wa miaka 14 Waitalia walipoteka mji huo mwaka 1936, wakatawala kwa ubaguzi hata viwanjani: mweupe na mweusi hawakuruhusiwa kucheza pamoja. Tunaomba msomaji alishike jambo hili, kwani kijana yule hakulisahau maisha yake yote.

Waitalia walipoondolewa mwaka 1941 mpira ulifunguka. Mwaka 1943 kiliundwa chama cha mpira cha nchi, na mwaka uliofuata mashindano ya kwanza yakachezwa Addis Ababa, ambamo Wahabeshi walikutana na timu za Waarmenia, Wagiriki, Waitalia waliobaki na askari wa Kiingereza. Kombe lilichukuliwa na Waingereza. Yidnekatchew alikuwa mshambuliaji wa Saint George, timu ya Wahabeshi wenyewe, naye hakuhama timu hiyo hata alipostaafu. Hesabu inayotajwa ni mabao 318 katika michezo 365. Aliichezea na timu ya taifa mara 15. Sisi tuliozoea kuona mchezaji akibadili jezi kila mwaka tunaona hesabu hiyo ni ya kushangaza, lakini uaminifu kwa timu moja unashangaza zaidi.

Mwezi wa Februari 1957 Ethiopia, Misri, Sudan na Afrika Kusini walikutana Khartoum kuanzisha Shirikisho la Mpira la Afrika. Yidnekatchew alikuwa mmoja wa waanzilishi. Hapo hapo likatokea jambo zito. Afrika Kusini walitaka kuleta ama timu ya weupe watupu ama ya weusi watupu, lakini si ya mchanganyiko. Wenzao walikataa. Basi kombe la kwanza likachezwa na nchi tatu tu, na Ethiopia, waliokuwa wacheze na Afrika Kusini, wakaingia fainali bila kugusa mpira, wakafungwa na Misri mabao 4 kwa 0.

Miaka mitano baadaye zamu ya Addis Ababa ikafika, na sasa Yidnekatchew ndiye aliyekuwa mwalimu wa timu ya taifa. Ilikuwa Januari 1962. Nchi nne zilikuwepo, na mmojawapo alikuwa jirani yetu Uganda, ambaye uhuru wake ulikuwa bado miezi tisa. Ethiopia iliifunga Tunisia 4 kwa 2, kisha tarehe 21 ikakutana na Misri, mabingwa wa 1957 na 1959.

Misri walitangulia kufunga kipindi cha kwanza. Dakika ya 74 Ethiopia wakasawazisha, lakini dakika moja tu baadaye Misri wakafunga tena. Timu nyingi zingevunjika moyo hapo. Zilipobaki dakika sita Ethiopia wakasawazisha, mchezo ukaingia muda wa nyongeza, Italo Vassalo akafunga, na Mengistu Worku akamaliza kazi: 4 kwa 2. Nahodha aliyepokea kombe kutoka mkono wa Mfalme Haile Selassie alikuwa Luciano Vassalo, ndugu yake Italo. Mama yao alikuwa Mweritrea na baba yao Mwitalia. Miaka 21 tu ilikuwa imepita tangu Waitalia waondoke Addis Ababa, na mwalimu aliyeonja ubaguzi wao aliwapanga vijana hawa wawili kwa sababu walijua mpira. Kwetu sisi hilo ni kubwa kuliko kombe lenyewe.

Baada ya hapo kazi yake ilihamia mezani. Shirikisho la dunia lilipoamua kwamba mshindi wa Afrika lazima ashindane tena na wa Asia ndipo aende Uingereza mwaka 1966, nchi za Afrika zilijitoa zote, na Yidnekatchew alikuwa mstari wa mbele. Waliumia, kwani vijana wa wakati ule walikosa nafasi ambayo hairudi. Lakini kwa 1970 Afrika ilipewa kiti chake chenyewe, akaenda Morocco. Mwaka 1972 alichaguliwa rais wa Shirikisho la Afrika, akakaa hapo miaka 15. Katika muda huo Afrika Kusini ya ubaguzi ilifukuzwa katika shirikisho la dunia, mwaka 1976, na viti vya Afrika vikawa viwili kwa mwaka 1982. Tanzania nayo ilicheza fainali za Afrika huko Nigeria mwaka 1980.

Si kila alilotaka alilipata. Alionya kwamba wachezaji wetu bora wakiendelea kwenda Ulaya, Afrika itabaki kuuza malighafi kama inavyouza kahawa na pamba. Wengi hawakumsikiliza, na wachezaji wenyewe walikuwa na familia za kulisha, hatuwezi kuwalaumu.

Alifariki Addis Ababa tarehe 19 Agosti 1987, akikaribia miaka 66. Ethiopia haijachukua tena kombe lile tangu siku ya mwalimu huyo. Afrika Kusini ilirudishwa mwaka 1992 ubaguzi ulipokuwa ukivunjwa, na mwaka 1996, wakiwa wenyeji, walilichukua kombe kwa timu ya weusi na weupe pamoja, nahodha wao akiwa mweupe.