Malik Ambar: mtumwa kutoka Ethiopia aliyejenga mji nchini India

Watalii wengi wanaofika Aurangabad, mji wa jimbo la Maharashtra magharibi mwa India, wanakimbilia kwanza Bibi Ka Maqbara. Ni kaburi kubwa jeupe linalofanana na Taj Mahal, lililojengwa kwa kumbukumbu ya mke wa mfalme Aurangzeb. Baadaye wanapanda gari kwenda kuangalia mapango ya Ellora na ya Ajanta. Katikati ya mji, magari na pikipiki zinazunguka lango la mawe linaloitwa Bhadkal, na wageni wachache tu wanasimama hapo. Lango hilo lilijengwa mwaka wa 1612 na mwanzilishi wa mji wenyewe. Hakuwa Muhindi, wala hakuzaliwa katika jumba la kifalme. Alikuwa Mwafrika, na aliuzwa utumwani akiwa angali mtoto.

Alizaliwa Ethiopia karibu mwaka wa 1548. Jina lake la kwanza lilikuwa Chapu. Wafanyabiashara wa watumwa walimvusha Bahari ya Shamu mpaka Mocha, nchini Yemen, kisha akapelekwa Baghdad. Huko alipata bwana aliyeona kwamba kijana huyo ana akili nyingi. Bwana huyo alimfundisha kusoma, kuandika na kuhesabu, akamwingiza katika dini ya Kiislamu na kumpa jina la Ambar.

Mwanzoni mwa miaka ya 1570 akavushwa bahari tena, safari hii hadi Deccan, nyanda za juu za kusini mwa India. Waafrika walikuwa wengi katika falme za huko. Waliitwa Habshi, yaani watu wa Uhabeshi, na wafalme waliwanunua ili wawe waaskari. Tofauti na watumwa waliopelekwa mashambani Marekani baadaye, Habshi aliyejionyesha vitani aliweza kupata uhuru, cheo na hata mashamba. Aliyemnunua Ambar alikuwa mfano wa jambo hilo. Chingiz Khan, waziri mkuu wa ufalme wa Ahmadnagar, alikuwa naye Habshi na mtumwa wa zamani. Akiwa karibu naye, kijana Ambar alijifunza namna ya kuongoza jeshi na namna ya kuendesha serikali.

Chingiz Khan alipokufa, mjane wake alimpa Ambar uhuru. Alikuwa na umri wa miaka isiyofika 30, bila ukoo wala mali. Alienda kutumikia ufalme jirani wa Bijapur, na huko akapata cheo cha Malik, maana yake bwana au mfalme mdogo. Karibu mwaka wa 1595 aliona halipwi ipasavyo, akaondoka na wapanda farasi wapatao 150 waliokubali kumfuata, akarudi Ahmadnagar.

Aliukuta ufalme huo katika hatari kubwa. Kutoka kaskazini, watawala wa Mughal walikuwa wakimeza nchi moja baada ya nyingine. Mwaka wa 1600 jeshi la mfalme Akbar liliteka ngome ya Ahmadnagar, na watu wengi walidhani ufalme umekwisha. Ambar alikataa. Alimtafuta kijana wa ukoo wa kifalme, akamweka kwenye kiti kwa jina la Murtaza wa Pili, akamwoza binti yake, na yeye mwenyewe akashika madaraka ya waziri mkuu. Tangu siku hiyo hadi kifo chake, kwa muda wa miaka 26, yeye ndiye aliyetawala.

Hakuwa na mizinga wala askari wengi kama Mughal. Kwa hiyo hakupigana nao uwanjani. Wapanda farasi wake wepesi walishambulia usiku, walikata njia za chakula, walichoma malisho ya wanyama, halafu walipotea milimani kabla adui hajajipanga. Pembeni ya Habshi, aliandikisha Wamaratha, wenyeji wa nchi hiyo walioijua kila njia. Miongoni mwa makamanda wake walikuwa Maloji na Shahaji Bhosale, babu na baba wa Shivaji, ambaye baadaye alianzisha ufalme wa Wamaratha.

Mwaka wa 1610, karibu na ngome ya Daulatabad, alichagua kijiji kidogo kilichoitwa Khadki na kuanza kujenga mji mkuu. Mahali hapo palikuwa pakavu, na mji mkubwa hauishi bila maji. Ambar aliagiza kuchimba mifereji chini ya ardhi, kutoka kwenye vilima vya kaskazini. Maji yaliteremka yenyewe kwa mwinamo wa ardhi, yakapita katika mabomba ya udongo uliochomwa, na kufika kwenye visima na mabirika ya mitaa. Mashimo yaliachwa njiani ili hewa itoke na mafundi waweze kuingia kusafisha. Hakukuwa na mashine hata moja. Kazi hiyo, inayojulikana kama Mfereji wa Ambari, ilinywesha wakaaji kwa zaidi ya miaka 300. Wageni wanaotembelea Panchakki, kinu cha kusaga nafaka kilichojengwa baada ya yeye kufa, wanaona ufundi wa aina hiyo hiyo: maji ya mlimani yanaporomoka na kuzungusha mawe.

Alijenga pia misikiti, jumba la kifalme na malango. Bhadkal ilikuwa alama ya ushindi wake juu ya Mughal. Mashambani aliamuru ardhi ipimwe, ili mkulima alipe kodi kufuatana na mavuno ya shamba lake.

Hata hivyo, maisha yake yana upande wa giza. Mfalme aliyemweka, Murtaza, alikufa kwa sumu mwaka wa 1610 kufuatia ugomvi wa jumbani. Mke mwingine wa mfalme alikuwa amemtukana binti wa Ambar, na wanahistoria wanaona mkono wa Ambar katika kifo hicho. Mtoto mdogo alikalishwa kwenye kiti, na waziri akaendelea kutawala. Na yeye aliyeuzwa utotoni alinunua Habshi wengine kwa ajili ya kikosi chake.

Jahangir, mwana wa Akbar aliyetawala tangu 1605, alimchukia kupita maadui wote. Alimwandika kwa matusi, akidharau rangi ya ngozi yake. Karibu mwaka wa 1616 mchoraji wake Abu'l Hasan alitengeneza picha ambamo mfalme amesimama juu ya dunia, akipiga mshale kichwa cha Ambar kilichochomekwa kwenye mkuki. Jambo hilo halikutokea kamwe. Majeshi ya Jahangir yaliuteketeza mji wa Khadki, lakini kila mara Ambar alirudi na kuujenga upya.

Mwaka wa 1624, akiwa mzee wa miaka zaidi ya 70, alikabili majeshi mawili yaliyoungana, ya Mughal na ya Bijapur, pale Bhatvadi. Alibomoa ukingo wa ziwa, maji yakageuza kambi ya adui kuwa matope. Kisha wapanda farasi wake wakashambulia usiku baada ya usiku, hadi waliochoka na njaa wakaanza kuhamia upande wake. Jahangir hakupata kile kichwa. Ambar alikufa mwaka wa 1626 katika nchi yake, akiwa bado na madaraka. Hata mwandishi wa jumba la Mughal alikiri kwamba katika vita na uongozi hakuwa na mwenzake.

Miaka kumi baadaye, ufalme alioutetea ulikuwa umetoweka. Mwanawe Fateh Khan aliuita mji Fatehnagar. Mwaka wa 1653 Aurangzeb, mjukuu wa Jahangir, alifika kama gavana wa Deccan na kuupa jina lake mwenyewe. Mwaka wa 2023 jina rasmi likabadilishwa tena kuwa Chhatrapati Sambhajinagar, kwa heshima ya mwana wa Shivaji. Hakuna hata moja kati ya majina hayo linalomtaja Ambar.

Kaburi lake liko Khuldabad, mji mdogo wa makaburi ya watakatifu ulio kwenye barabara ya Ellora. Ni jengo la mawe lenye kuba, na karibu nalo kuna kaburi la mke wake, Bibi Karima. Katika mji huo huo amelala Aurangzeb, chini ya kaburi dogo la wazi alilolitaka mwenyewe. Mabasi ya watalii yanapita hapo kila siku yakielekea kwenye mapango. Anayeomba dereva asimame kidogo anaweza kuyaona yote mawili, la mjukuu wa Jahangir na la Mwafrika ambaye Jahangir alishindwa kumpata.