Willem Einthoven

Willem Einthoven (21 Mei 1860 – 29 Septemba 1927) alikuwa daktari na mwanafiziolojia kutoka nchi ya Uholanzi. Anajulikana hasa kwa kubuni chombo kilichowezesha kuchora umeme wa moyo kwa usahihi. Mchoro huo huitwa elektrokadiogramu, na hospitalini hufahamika kama ECG. Mwaka wa 1924 alikuwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Tiba.

Maisha

Einthoven alizaliwa mjini Semarang katika kisiwa cha Java, ambacho wakati ule kilikuwa koloni la Uholanzi na leo ni sehemu ya Indonesia. Baba yake, aliyekuwa daktari, alifariki Willem akiwa bado mtoto. Mwaka 1870 mama yake alihamia Utrecht, Uholanzi, pamoja na watoto wake. Huko Einthoven alisomea udaktari. Kuanzia mwaka 1886 hadi kifo chake alikuwa profesa wa fiziolojia katika Chuo Kikuu cha Leiden.

Galvanometa ya uzi

Mwaka 1887 Augustus Waller alionyesha mjini London kwamba umeme wa moyo wa binadamu unaweza kupimwa bila kupasua kifua. Lakini chombo cha wakati ule, kilichotumia zebaki, kilichelewa kufuata mabadiliko ya umeme, na mchoro wake ulihitaji kusahihishwa kwa hesabu ndefu. Baada ya kufanya hesabu hizo kwa miaka kadhaa, Einthoven alitengeneza chombo kipya. Kilikuwa na uzi mwembamba sana wa kwatzi uliopakwa fedha, uliowekwa kati ya ncha za sumaku kubwa. Umeme wa moyo ulipopita, uzi ulisogea na kivuli chake kikapigwa picha.

Mgonjwa alikaa ametumbukiza mikono na mguu katika ndoo za maji ya chumvi. Mashine ilikuwa na uzito wa kilogramu 270 hivi na ilihitaji watu watano kuiendesha. Kwa kuwa haikuweza kupelekwa kwa wagonjwa, mwaka 1905 Einthoven aliiunganisha kwa waya wa simu na hospitali iliyokuwa umbali wa kilomita 1.5. Mawimbi ya mchoro aliyaita P, Q, R, S na T, majina yanayotumika hadi leo.

Umuhimu wake

Awali daktari aliyeshika mshipa aliweza kujua kwamba mapigo yamevurugika, lakini ilikuwa vigumu kujua hitilafu imeanzia wapi. Mchoro wa Einthoven ulifungua njia ya kulijibu swali hilo.

Tangu miaka ya 1980 baadhi ya hitilafu hizo hutibiwa kwa ablesheni. Daktari hupitisha mrija mwembamba katika mshipa wa damu hadi moyoni, na kompyuta hutumia ishara za umeme kuchora ramani ya moyo. Kisha sehemu ndogo yenye hitilafu huunguzwa au kugandishwa. Hata hivyo, uchunguzi wa mgonjwa huyo bado huanza na ECG.