Maisha ya Bibi Hattie McDaniel

Kati ya wachezaji wa sinema waliopata sifa duniani, nimemchagua Bibi Hattie McDaniel wa Marekani, kwa maana sifa yake ilichanganyika na uchungu mwingi.

Alizaliwa Wichita, Kansas, mwaka 1893, akiwa kitinda mimba katika watoto 13. Wazazi wake walizaliwa utumwani, na baba yake alikuwa askari katika vita vilivyokomesha utumwa nchini humo. Hattie alikulia Denver. Huko aliimba na kuigiza katika vikundi vya michezo, hata sauti yake ikasikika redioni. Kazi hiyo ilipokosekana, alitumika kwa mshahara mdogo. Mwaka 1931 alihamia Los Angeles, akapata nafasi ndogo ndogo katika filamu, karibu zote za mtumishi wa nyumbani.

Mwaka 1939 alicheza mtumwa aitwaye Mammy katika filamu ya Gone with the Wind. Ilipoonyeshwa mara ya kwanza mjini Atlanta, hakuweza kuhudhuria kwa ajili ya sheria za ubaguzi wa rangi. Tarehe 29 Februari 1940 alipewa tuzo ya Oscar, naye ndiye mtu mweusi wa kwanza kuipata. Hata usiku huo aliketishwa meza ya kando, mbali na wachezaji wenzake Wazungu.

Baadhi ya watu weusi, hasa Walter White wa chama cha NAACP, walimlaumu kwamba kwa kuigiza watumishi sikuzote aliwashushia heshima. Mimi nawaelewa, lakini naona lawama kubwa ni ya wale waliomfungia milango mingine yote. Aliyepewa jembe moja hulima kwa hilo hilo. Wala hakuwa mwoga: mwaka 1945 majirani Wazungu waliposhtaki ili watu weusi watolewe katika mtaa wao, yeye na wenzake walisimama mahakamani wakashinda.

Alifariki tarehe 26 Oktoba 1952 kwa ugonjwa wa kansa. Alitaka kuzikwa katika makaburi ya Hollywood, akakataliwa kwa rangi yake. Basi akazikwa Rosedale. Mwaka 1999 ndipo alipojengewa ukumbusho mahali pale alipokataliwa. Mwanamke mweusi wa pili kupata Oscar ya uigizaji, Whoopi Goldberg, aliipata mwaka 1991. Hesabu miaka hiyo, msomaji, utajua mlango ule ulikuwa mzito kiasi gani.