Barbosa, kipa aliyebebeshwa lawama za taifa zima

Kila mara timu ya taifa iliyosheheni wanasoka stadi inapoondoka uwanjani mikono mitupu, mashabiki huuliza swali lile lile: nani alaumiwe? Jina likishapatikana, uchunguzi huishia hapo. Kocha hufutwa, mchezaji huzomewa, nao maafisa waliosimamia maandalizi hurejea ofisini kupanga mechi inayofuata kwa njia ile ile iliyowashinda.

Pengine hakuna mwanasoka aliyeonja uchungu wa mtindo huo kumzidi Moacir Barbosa, mlinda lango wa Brazil katika Kombe la Dunia la mwaka 1950. Alifungwa mabao mawili alasiri moja, akalaumiwa kwa takriban miaka 50 hadi alipoaga dunia mnamo Aprili 7, 2000, akiwa na umri wa miaka 79.

Barbosa alizaliwa Machi 27, 1921 mjini Campinas, katika jimbo la São Paulo. Alichezea klabu ya Ypiranga kabla ya kujiunga na Vasco da Gama ya Rio de Janeiro mwaka 1945. Vasco haikuwa klabu ya kawaida. Katika miaka ya 1920, wakati ambapo vigogo wa soka jijini Rio walipendelea wachezaji weupe kutoka familia za kitajiri, klabu hiyo ilitwaa ubingwa ikiwa na wachezaji weusi na vibarua, kisha ikakataa katakata kuwatimua iliposhinikizwa kufanya hivyo. Kwa kijana mweusi aliyekuwa na kipaji, hapo palikuwa mahali pazuri pa kujijengea jina.

Naye alijijengea jina. Akiwa langoni, Vasco ilinyakua ubingwa wa Rio mwaka 1945, 1947, 1949, 1950 na 1952. Mwaka 1948 klabu hiyo ilisafiri hadi Santiago, Chile, kushiriki mashindano ya mabingwa wa Amerika Kusini. Katika mchuano wa kuamua bingwa ilikabana na River Plate ya Argentina, iliyokuwa na Alfredo Di Stéfano katika safu yake ya mashambulizi. Mechi iliisha sare tasa na Vasco ikarejea nyumbani na taji. Barbosa alikuwa mwepesi wa kuruka na jasiri wa kutoka langoni, na alidaka mpira bila glavu, mtindo uliomwachia vidole vilivyopinda kwa kuvunjika mara kwa mara.

Mwaka uliofuata alikuwa langoni Brazil ilipotwaa ubingwa wa Amerika Kusini kwa mara ya kwanza tangu 1922. Paraguay ilinyukwa mabao 7-0 katika mchuano wa mwisho. Kwa hivyo, Kombe la Dunia lilipobisha hodi nchini Brazil mwaka 1950, wenyeji walikuwa na kila sababu ya kupigiwa upatu. Mbele walikuwa na Zizinho, Ademir na Jair, watatu waliokuwa miongoni mwa mafowadi bora zaidi duniani wakati huo. Nyuma yao alikuwepo Barbosa.

Vipaji havikukosekana. Kilichokosekana ni watu wa kuvilinda vipaji hivyo dhidi ya sifa, siasa na papara.

Dalili za hatari zilikuwepo mapema. Mnamo Mei mwaka huo, wiki chache kabla ya dimba kuanza, Brazil ilichuana na Uruguay mara tatu. Uruguay ilishinda mechi ya kwanza 4-3, nayo Brazil ikashinda zilizofuata kwa mabao 3-2 na 1-0. Ni wazi kwamba pengo kati ya timu hizo mbili lilikuwa dogo mno. Katika hatua ya makundi, Brazil iliilaza Mexico 4-0 lakini ikalazimishiwa sare ya 2-2 na Uswisi jijini São Paulo, kabla ya kuizima Yugoslavia 2-0.

Hata hivyo, kumbukumbu za mechi hizo zilifutika pale Brazil ilipoicharaza Uswidi 7-1 na Uhispania 6-1 katika kundi la mwisho la timu nne. Mwaka huo hapakuwa na fainali rasmi. Bingwa alipatikana kwa kuhesabu pointi za kundi hilo, na ushindi ulikuwa na thamani ya pointi mbili. Brazil ilikuwa na pointi nne. Uruguay, iliyokuwa imetoka sare na Uhispania na kuishinda Uswidi kwa taabu, ilikuwa na tatu. Katika mechi ya mwisho kati yao, Brazil ilihitaji sare tu.

Wahenga walisema usikate mbeleko na mwana hajazaliwa. Mjini Rio, mbeleko zilikatwa kwa mamia. Brazil ilikuwa ikielekea katika uchaguzi wa Oktoba mwaka huo, na kila mwanasiasa alitaka kuonekana karibu na mabingwa watarajiwa. Timu iliyokuwa imepiga kambi katika eneo tulivu la Joá ilihamishiwa São Januário, makao ya Vasco, ambako milango ilikuwa wazi kwa wageni. Wawaniaji viti walifika kutoa hotuba na kupigwa picha. Wachezaji waliohitaji usingizi na utulivu walipewa mikono ya kupeana na karatasi za kutia saini.

Gazeti moja la jijini lilichapisha picha ya kikosi hicho likiwataja kuwa mabingwa wa dunia kabla mechi haijachezwa. Siku ya mechi yenyewe, meya wa Rio aliwahutubia wachezaji uwanjani na kuwapongeza kama watu waliokwisha kushinda. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Lakini katika kisa hiki si haki kusema kuwa mgema ndiye aliyejisifu. Waliomsifu ni wakubwa wake, kwa manufaa yao wenyewe.

Mnamo Julai 16, 1950, mashabiki 173,850 walilipia tiketi za kuingia katika uwanja mpya wa Maracanã, na inakadiriwa kuwa waliokuwemo walikaribia 200,000. Dakika mbili baada ya mapumziko, Friaça alifungia Brazil bao la kwanza.

Uruguay, chini ya nahodha Obdulio Varela, haikuyumba. Ilikuwa imekwisha kugundua pa kupenyea: upande wa kushoto wa ulinzi wa Brazil, ambako beki Bigode aliachwa peke yake kumkabili winga Alcides Ghiggia. Katika dakika ya 66, Ghiggia alimpita Bigode na kumimina krosi ambayo Juan Alberto Schiaffino aliitia wavuni. Bado sare hiyo iliwapa Brazil kombe.

Baada ya bao hilo, kocha Flávio Costa na manahodha wake walikuwa na dakika 13 za kuziba mwanya ule. Sheria za wakati huo hazikuruhusu kubadilisha wachezaji, lakini hazikumzuia yeyote kumrudisha nyuma kiungo mmoja ili amsaidie Bigode. Halikufanyika. Katika dakika ya 79, Ghiggia alichomoka tena kupitia njia ile ile. Barbosa, aliyekuwa ameona jinsi bao la kwanza lilivyopatikana, alisogea hatua moja kutoka kwenye mstari akitarajia krosi nyingine. Ghiggia aliona nafasi ndogo kati ya kipa na mlingoti wa karibu, akapiga moja kwa moja. Barbosa alijirusha na kudhani ameutoa mpira nje. Ukimya wa uwanja ndio uliomfahamisha kuwa ulikuwa wavuni.

Mtaalamu yeyote wa soka anayetazama bao hilo kwa utulivu ataona kwamba kipa alichagua kuzuia hatari iliyokuwa kubwa zaidi. Kosa lake, kama lilikuwepo, lilikuwa la hatua moja. Nyuma ya hatua hiyo kulikuwa na beki aliyekosa msaada, kocha aliyechelewa kurekebisha mambo, kambi iliyovurugwa, na viongozi waliogeuza mechi kuwa jukwaa la kampeni.

Lakini hotuba haionekani kwenye filamu ya bao. Kipa anaonekana. Lawama zikaelekezwa kwa Barbosa, Bigode na beki mwenzao Juvenal. Watatu hao walikuwa weusi, na hilo halikuwa jambo la sadfa. Palikuwepo na watu nchini humo walioshikilia kwamba mchezaji mweusi hana uthabiti wa moyo katika saa ya dhiki, nao wakajidai kuwa wamepata ushahidi. Wanasiasa waliokesha kambini hawakuulizwa lolote.

Brazil ilibadilisha hata mavazi. Jezi nyeupe iliyovaliwa siku hiyo ilionekana kuwa na nuksi, na mwaka 1953 gazeti la Correio da Manhã liliandaa shindano la kubuni jezi mpya. Mshindi alikuwa kijana Aldyr Garcia Schlee, na jezi ya manjano aliyoibuni ndiyo inayotambulika kote ulimwenguni. Ila rangi ya jezi haikuwa imemwacha Bigode peke yake.

Barbosa aliendelea kuidakia Vasco kwa ustadi ule ule, lakini aliitwa tena katika timu ya taifa mara moja tu, mwaka 1953. Mwaka huo huo alivunjika mguu, na matumaini ya kushiriki Kombe la Dunia la 1954 yakayeyuka. Alicheza hadi mwaka 1962, alipostaafu akiwa na umri wa zaidi ya miaka 40. Baadaye aliajiriwa katika uwanja ule ule wa Maracanã, akipita kila siku karibu na lango lililomharibia jina. Inasimuliwa kwamba milingoti ya zamani ilipong'olewa alipewa kama kumbukumbu, naye akaifanya kuni za kuchomea nyama aliyowaandalia marafiki.

Majeraha hayakuishia uwanjani. Yeye mwenyewe alisimulia jinsi mwanamke mmoja alivyomnyoshea kidole dukani, miaka 20 baada ya mechi hiyo, akamweleza mtoto wake mdogo kwamba huyo ndiye aliyeiliza Brazil nzima. Mwaka 1993 alikwenda kuitembelea timu ya taifa kambini na akazuiwa kuwaona wachezaji kwa hofu kwamba angewaletea mkosi. Sheria za Brazil wakati huo hazikuruhusu mfungwa kukaa gerezani zaidi ya miaka 30. Barbosa alikuwa akiwakumbusha waliomhoji kuwa yeye alikuwa amepitisha muda huo kitambo, bila kosa lolote la jinai.

Mkewe, Clotilde, alifariki mwaka 1997. Miaka yake ya mwisho aliishi mjini Praia Grande kwa uchache wa mali, akisaidiwa na marafiki na klabu yake ya zamani.

Je, Brazil ilijifunza lini? Si ilipomwadhibu Barbosa. Mwaka 1954 ilibanduliwa na Hungary kwa mabao 4-2 katika robo fainali, mechi iliyogubikwa na vurugu. Mabadiliko ya kweli yalikuja mwaka 1958, pale Paulo Machado de Carvalho alipokabidhiwa uongozi wa msafara wa kwenda Uswidi. Makao ya timu yalikaguliwa mapema, wachezaji walichunguzwa na daktari na kutibiwa meno, na mwanasaikolojia akajumuishwa katika benchi la kiufundi. Hata makosa yalipatiwa nafasi ya kurekebishwa: mwanasaikolojia huyo aliwatilia shaka Pelé na Garrincha, na kocha Vicente Feola akaamua kuwachezesha. Brazil ilishinda fainali 5-2.

Vipaji vya 1958 vilikuwa vikubwa, lakini vya 1950 navyo havikuwa haba. Tofauti ilikuwa katika waliovizunguka.

Chuki dhidi ya makipa weusi ilichukua muda mrefu zaidi kufifia. Tangu Barbosa, Brazil haikwenda Kombe la Dunia ikiwa na kipa mweusi kama chaguo lake la kwanza hadi mwaka 2006, Dida alipokabidhiwa lango. Na mnamo Julai 8, 2014, Ujerumani ilipoicharaza Brazil 7-1 katika nusu fainali mjini Belo Horizonte, wengi nchini humo walikiri kwamba fedheha hiyo ilimwondolea Barbosa mzigo. Alikuwa kaburini kwa miaka 14.

Humu nchini, ambako Harambee Stars haijawahi kufuzu kwa Kombe la Dunia na makocha wamekuwa wakibadilishwa mara kwa mara, kisa cha Barbosa si cha mbali. Timu itakaposhindwa tena, ni vyema kuanza kwa kuuliza wachezaji walilala wapi, walilipwa lini, walifanya mazoezi kwa siku ngapi na nani alifika kambini kupigwa picha. Baada ya hayo kujibiwa, ndipo pawe na haki ya kumtazama kipa.